Saa za Mapumziko ni za Nani?



Wanandoa wengi siku hizi wamejifunza kuzungumza juu ya fedha. Mshahara ukiingia wanaketi pamoja, wanahesabu karo, chakula, sadaka na akiba. Anayetumia fedha za nyumba kisirisiri anajua kwamba amekosa. Lakini kuna mali nyingine ambayo kila mmoja huitumia kivyake bila kumwuliza mwenzake, nayo ni saa chache zinazobaki baada ya kazi. Mume husema, “Huu ni wakati wangu.” Mke mara nyingi hata hapati nafasi ya kusema maneno hayo. Leo nataka tujiulize swali moja tu: Je, katika ndoa ya Kikristu, saa hizo ni za nani?

Sitatoa mfano wa jirani. Nitatoa mfano wa nyumba yangu mwenyewe, na mke wangu ameniruhusu nieleze yote, hata yale yanayoniaibisha.

Juma moja la mwezi wa Mei

Sisi twaishi upande wa Limuru, mahali penye baridi. Mimi hutoka nyumbani alfajiri kwenda kazini Nairobi, na kurudi giza likiwa limeingia. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu.

Iko kazi moja ya mikono niipendayo sana, nayo ni kutengeneza muratina. Nilijifunza kwa baba yangu. Matunda makavu ya mti ambao Waswahili huuita mwegea hupasuliwa, huchemshwa na kukaushwa juani. Nyuzi zake hubeba hamira ya asili. Ukiyatia katika maji yenye asali, na kuuweka mtungi mahali penye joto, kinywaji huchachuka baada ya siku chache. Siri yake ni joto. Mtungi ukipata baridi, kazi yote imeharibika. Mimi si mlevi, wala siuzi. Lakini ukoo wetu ukiwa na ruracio, wazee hunituma mimi, nami hufurahi kutumwa.

Juma hilo palikuwa na ruracio ya binti ya ndugu yangu, siku ya Jumamosi. Wazee walikuwa wamekwisha kupita kwa chifu, nami Jumapili jioni nikaweka mtungi jikoni, kando ya jiko la makaa, nikaufunika blanketi zito.

Jumatatu niliporudi kazini nilikuta bomba la sinki linavuja. Mke wangu alikuwa ameweka ndoo chini yake. Nikatazama, nikasema, “Nitatengeneza Jumamosi.” Kisha nikaenda kuangalia mtungi.

Jumanne usiku sote wawili tuliamka. Yeye aliamka kumwaga ndoo isifurike. Mimi niliamka kuongeza makaa ili mtungi usipate baridi. Tulipishana mlangoni mwa jikoni saa nane za usiku, kila mmoja na chombo chake, wala hatukusemezana. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Jumatano kitasa cha mlango wa nyuma kilikatika. Mke wangu akaufunga mlango kwa kamba. Fundi aliyeahidi kuja hakuja.

Alhamisi mvua ya masika ilinyesha tangu saa kumi za jioni. Juu ya chumba cha watoto palikuwa na msumari wa bati uliolegea tangu mvua za vuli za mwaka uliotangulia. Nami nilikuwa naujua. Maji yakaingia, yakalowesha kitanda cha mtoto wetu mdogo pamoja na matandiko yake, yakafika hadi kwenye soketi, na umeme ukakatika nyumba nzima. Nilifika saa mbili na nusu za usiku, nimechoka, viatu vimejaa matope. Nikaingia jikoni gizani, nikapapasa mtungi. Ulikuwa wazi. Nikauliza kwa sauti kubwa, “Nani ameondoa blanketi la mtungi?”

Mke wangu hakujibu. Aliinua taa akamulika benchi lililokuwa kando ya jiko. Mtoto alikuwa amelala pale, anakohoa, amefunikwa blanketi lile.

Msomaji wangu, sikulala vizuri usiku huo.

Ijumaa nilijitetea. Nikamwambia, “Mama watoto, mimi hufanya kazi juma zima. Hata mimi nahitaji kitu kimoja kilicho changu.” Akanijibu kwa upole, “Ni kweli, baba watoto. Na mimi, kilicho changu ni kipi?” Nilitafuta jibu. Sikulipata.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye ruracio, nilifunga maji kwenye koki ya nje, nikafungua bomba kwa spana. Kumbe kilichoharibika kilikuwa washa ya mpira, kitu cha shilingi chache katika duka lolote la vifaa. Kazi yote haikuchukua saa moja. Ndoo ile ilikuwa imemwagwa usiku na mchana kwa siku tano kwa sababu ya kazi isiyotimiza saa moja. Tena jioni zote tano nilikuwa nimepata muda wa kuutazama mtungi.

Je, burudani ni dhambi?

Mtu aweza kusema, “Basi tupa mtungi, mambo yaishe.” Hilo ni jibu rahisi, lakini si jibu la Kanisa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama yafaa mtu kujiburudisha. Akakumbusha kisa cha kale juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale mfululizo, kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akasema kwamba moyo wa mtu nao ni vivyo hivyo. Tomaso akafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na dawa yake ni furaha iliyo halali.

Kutengeneza kitu kwa mikono ni furaha halali. Kunamfundisha mtu subira na uangalifu. Bwana wetu mwenyewe alianza ishara zake kwenye arusi ya Kana, kwa divai. Kitabu cha Yoshua bin Sira chatuambia kwamba divai iliumbwa iwafurahishe watu, mradi wainywe kwa kiasi. Hapo lazima niseme wazi. Kiasi si neno dogo katika nchi yetu, ambako pombe imebomoa nyumba nyingi. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 yataka leseni kwa anayetengeneza au kuuza vileo, na Mkristu hana ruhusa ya kujifanya haijui. Tena, kama katika nyumba yako yuko mtu aliyetekwa na ulevi, usilete mtungi kabisa. Upendo kwake wakutaka uache hata kilicho halali.

Lakini kwa wengi wetu shida haiko katika burudani yenyewe. Weka mahali pa mtungi wangu chochote upendacho: mpira wa Jumamosi, simu, kuku wa kufuga, mikutano ya chama, hata mazoezi ya kwaya. Tomaso aliweka masharti juu ya burudani, na mojawapo ni kwamba ifae wakati, mahali na watu. Mtungi wangu haukuwa mbaya. Ulikuwa umekaa mahali pa mtoto.

“Wakati wangu” baada ya altare

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1055, yasema kwamba kwa agano la ndoa mume na mke hufanya ushirika wa maisha yote. Tufikiri kidogo maneno hayo. Maisha ni nini, kama si saa zetu? Siwezi kumpa mke wangu maisha yangu yote halafu nikabaki na jioni zangu zote. Anayesema, “Fedha ni zetu, lakini wakati ni wangu,” ametoa kilicho rahisi na kuficha kilicho ghali.

Basi jibu langu ni hili: saa za mapumziko ni mali ya ndoa, kama mshahara ulivyo mali ya ndoa.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, “Je, ndoa yammeza mtu? Je, nisipumue bila ruhusa?” Swali hilo ni la haki. Mume na mke huwa mwili mmoja, lakini kila mmoja hubaki na roho yake, ambayo Mungu huiita kwa jina lake. Mtu anahitaji mahali pa kunyamaza, pa kufanya kitu bila kusukumwa. Mke anayehesabu kila dakika ya mumewe, au mume anayekasirika kila mkewe akikaa na rafiki zake, anamnyang’anya mwenzake hewa. Jambo hilo nalo ni dhuluma.

Lakini mali ya pamoja si mali iliyotaifishwa. Mshahara ukiletwa mezani, haimaanishi kwamba mume hatapata nauli wala mke hatanunua kitambaa. Maana yake ni kwamba kila mmoja hupokea kwa mkono wa mwenzake. Saa nazo ni hivyo hivyo. Zilete mezani, uambiwe, “Chukua saa hizi, nenda kwenye mtungi wako, sisi tuko salama.” Saa ni ileile, mtungi ni uleule. Lakini saa niliyopewa hunipumzisha, na saa niliyoiba hunifanya niwe mkali. Nadhani ndiyo sababu nilipaaza sauti Alhamisi ile. Mtu aliyeiba huwa tayari kujitetea kabla hajashtakiwa.

Pumziko la mmoja kwa jasho la mwingine

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 5, Mungu anaamuru siku ya mapumziko. Wengi wetu hukumbuka kwamba tusifanye kazi. Tunasahau sababu inayotajwa pale: ili mtumishi wa kiume na mtumishi wa kike wapumzike kama bwana wao. Waisraeli walikuwa wametoka Misri, ambako wengine walistarehe kwa jasho la watumwa. Mungu hakutaka watoke Misri halafu waijenge Misri nyingine ndani ya nyumba zao.

Hiki ndicho kipimo ninachowaomba mkichukue. Pumziko linalonunuliwa kwa uchovu wa mwenzako si pumziko la Mungu. Ukikaa, uliza nani amesimama ili wewe ukae. Mimi nilipokuwa nikiutazama mtungi, mke wangu alikuwa akimwaga ndoo, akisahihisha madaftari, akioga watoto na kufunga mlango kwa kamba. Yeye pia alikuwa ametoka kazini. Kama mtumishi wa kale alipewa haki ya kupumzika, je, si zaidi yule uliyemwahidi upendo mbele ya padre na mashahidi?

Kwa nini bomba hungoja Jumamosi?

Nilijiuliza pia kwa nini niliweza kuamka usiku kwa ajili ya mtungi nisiweze kuinama mara moja chini ya sinki. Uvivu hautoshi kuwa jibu, maana kazi ya muratina ni kubwa kuliko kazi ya bomba.

Nadhani jibu ni sifa. Wazee huonja muratina, hutikisa kichwa na kumtaja aliyeitengeneza. Lakini ni nani amewahi kumsifu mtu kwa sababu bomba halivuji? Matengenezo hurudisha kitu pale kilipokuwa jana, basi. Tena kitu kilichovunjika huwa kama chatushtaki: “Uliniona nimelegea, ukapita.” Ndiyo maana tunakimbilia mahali tunaposifiwa, na kuikimbia nyumba inayotukumbusha tulichoacha.

Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake Kanuni katika karne ya 6, aliagiza kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Si kalisi tu, bali pia jembe na sufuria. Aliagiza vilevile kwamba watawa wapokezane zamu za jikoni kila juma, kila mmoja akiwatumikia wenzake, na anayemaliza zamu akabidhi vyombo vikiwa safi na vizima. Watawa hao walikuwa na sala nyingi na vitabu vingi vya kusoma. Hata hivyo Benedikto hakudhani kwamba sufuria ni jambo dogo kwa mtu wa Mungu.

Kama ni hivyo monasterini, nyumba ya wana ndoa, ambayo Kanisa huiita kanisa la nyumbani, ipungukiwe nini? Kukaza msumari wa bati juu ya kitanda cha mtoto ni tendo la upendo, hata kama hakuna atakayelipigia makofi.

Tena, ndoa yenyewe huvuja kama bomba lile. Mara nyingi hakivunjiki kitu kikubwa. Ni washa ndogo iliyochakaa: salamu iliyoachwa, shukrani isiyosemwa, swali lililoulizwa kwa sauti kubwa. Anayeona tone la kwanza na kuweka ndoo tu, akingoja Jumamosi, atakuja kuona maji yamefika kwenye soketi.

Neno kwa anayenyamaza

Nilimwuliza mke wangu kama na yeye angependa kusema kitu hapa. Akaniambia hivi: “Waambie kwamba mimi pia nilikosa. Tangu Jumatatu nilinyamaza, nikasema moyoni, tuone kama ataona mwenyewe. Nilikuwa nikikupima. Huo si uvumilivu.”

Ni neno la kweli. Wako wake, na wako waume, wanaobeba ndoo kimya kimya huku wakihesabu makosa. Kunyamaza namna hiyo ni kuweka deni kwa siri, na siku ya kudai riba huwa kubwa. Mwenzako akikosa, mwambie mapema, kwa maneno ya adabu, angali aweza kurekebisha.

Mfanye nini basi?

Sisi tulianza na mambo machache, nayo yametusaidia.

Kwanza, Jumapili jioni tunaketi na daftari. Tunaandika kazi za juma, kilichovunjika nyumbani, na mapumziko ya kila mmoja. Safu ya mapumziko haiwi na jina moja tu. Mke wangu alichagua mazoezi ya kwaya, na jioni hiyo mimi ndiye mpishi. Ugali wangu wa kwanza ulikuwa na mabuje, lakini watoto walikula.

Pili, kitu kidogo kikivunjika hakipiti siku mbili. Kama kazi yanishinda, twamwita fundi, na kila mwezi tunatenga fedha kidogo kwa ajili hiyo, tusije tukapigana siku bati linapotoboka.

Tatu, kila mmoja hujitahidi kujua kile ambacho mwenzake anakipenda. Mimi sasa husikiliza nyimbo za kwaya kabla ya Misa. Yeye huja mara nyingine kuonja asali kabla haijaingia mtungini.

Siku ya ruracio ile muratina ilisifiwa sana, ingawa ilikuwa imepata baridi usiku mmoja. Wazee hawakutambua. Mimi peke yangu nilionja nikajua ni usiku gani.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Katika juma lililopita, kila mmoja wetu alipumzika saa ngapi? Ni nani aliyesimama ili mwingine akae?

2. Ni kitu gani kimevunjika nyumbani mwetu, nacho kinangoja “Jumamosi”?

3. Je, kuna jambo ninalonyamazia ili nimpime mwenzangu? Naweza kumwambia leo?

Sala fupi

Ee Bwana, uliyeishi miaka mingi katika nyumba ya fundi Yosefu, utufundishe kuitunza nyumba uliyotupa. Utupe pumziko lisilomchosha mwenzetu, na kazi isiyotafuta sifa. Utuamshe usiku kwa ajili ya kile kilicho cha thamani. Amina.